Bi Salhiya Ubwa, Aliyempima Mtoto Kabla ya Dawa

Assalamu alaikum mama zangu na dada zangu, na baba zetu mlioko barazani ambao kipaza sauti kinakufikieni. Mimi ni Rukaiya, jirani wa ukuta mmoja na marehemu hapa Kiembe Samaki, na familia imenitaka nisome maisha yake kwa kuwa mimi ndiye niliyemuuguza mwisho. Nimeandika kwa elimu yangu ya darasa la saba, mtanistahamilia.

Bi Salhiya Ubwa Bakar alizaliwa Amani tarehe 12 Aprili 1963, mtoto wa tatu wa marehemu Mzee Ubwa, fundi cherehani, na marehemu Bi Kawthar. Alisoma msingi na sekondari hapa hapa mjini, akamaliza mwaka 1981, na mwaka 1983 akaingia chuo kusomea utoaji wa dawa, ambako mwalimu wao, kama alivyonihadithia, alikuwa akimsimamisha mtu ghafla na kumuuliza gramu moja ina miligramu ngapi na lita moja ina mililita ngapi, na anayekosea anafagia ua, naye alifagia wiki mbili mfululizo, kisha hakufagia tena.

Aliajiriwa serikalini tarehe 1 Julai 1985, akatumikia vituo vya shamba na vya mjini kwa miaka ishirini na saba. Tarehe 16 Disemba 1988 aliolewa na marehemu Bwana Ame Kificho, seremala, wakajaaliwa watoto wawili, Bi Nasima, ambaye yuko nasi hapa, na Abdulrazak, ambaye safari yake kutoka Maskati inamfikisha leo alasiri.

Mwezi wa Februari 2013 alianza kazi katika duka moja la dawa Darajani, na hapo ndipo wengi wenu mlipomjua. Hakukubali kumuuzia mama dawa ya mtoto kabla mtoto hajapimwa. Alinunua mizani ya kuning'iniza kwa wauza samaki, akaisugua kwa sabuni na ndimu mpaka harufu ikaisha, akawa anamfunga mtoto ndani ya kanga, anamning'iniza, anatoa uzito wa kanga, kisha anapiga hesabu kwa sauti ili mama asikie, kwamba mtoto ni kilo nane, kila kilo inataka miligramu kumi na tano, kwa hiyo ni miligramu mia na ishirini, nazo katika dawa ya maji ya homa ni mililita tano, ndiyo kijiko kimoja cha dawa, si kijiko cha chai cha nyumbani, kwa sababu vijiko vya nyumbani kila kimoja kina tumbo lake. Wapita njia walimwita Bi Mizani, wakamuuliza, "Nguru huyo wa leo au wa jana?" naye akajibu, "Wa leo, na bado anapiga kelele, pisheni."

Mwenye duka hakuipenda mizani ile, alisema inaweka foleni. Kwenye kaunta alikuwa na kijiko kimoja cha bati kilichofungwa kwa uzi, kikitiwa kinywani mwa kila mtoto, kimeganda utamu wa dawa, na sisimizi wakitembea juu yake. Bi Salhiya akikiosha kila asubuhi, na akigeuza mgongo tu kinarudi vile vile. 

Sasa nafika mahali ambapo ningeweza kuparuka. Bi Salhiya aliacha kazi mwezi wa Agosti 2021, akafutiwa ruhusa ya kutoa dawa, na mji mzima ukasema ni kwa sababu alimpa mtoto dawa kupita kiasi nusura afe. Mtoto huyo ni wangu, ni Mazin, na wakati huo alikuwa na miezi kumi na kilo nane.

Ijumaa ya tarehe 11 Juni 2021 Mazin alipata homa, nikenda Darajani, na Bi Salhiya siku hiyo hakuwapo, alikuwa mapumzikoni. Mwenye duka mwenyewe ndiye aliyenipa kichupa, hakumpima mtoto, akaniambia, "Kijiko kimoja kutwa mara nne, kama siku zote." Lakini ile haikuwa dawa ya siku zote, ilikuwa ya matone, ambayo mililita moja peke yake ina miligramu mia, na kijiko kimoja kina mia tano, na Mazin alitakiwa kupewa mililita moja na kidogo tu. Nilimnywesha kwa mkono wangu siku tatu, nikimbembeleza ameze yote, na siku ya nne tulikuwa wodini, ini lake limeumia.

Mwenye duka alileta maziwa ya kopo na matunda kila siku, alinilipia gari, nami nikaona huu ni wema. Kisha akaniambia, "Mwanangu, wakaguzi wa dawa wakija kukuuliza, sema hukumbuki nani alikuuzia. Yule mama keshastaafu serikalini, hatapungukiwa na kitu." Walipokuja, nikasema sikumbuki. Yeye akawaambia ni Bi Mizani. Kinyaa ninachokisikia kwa mtu yule ni kikubwa, lakini kwa ulimi wangu ni kikubwa zaidi.

Bi Salhiya alikuja wodini siku ya pili yake, hakuniuliza neno, akanipa bomba la kupimia lisilo na sindano, akanionesha msitari kwa msitari, akasema, "Mpe kwa hili, mwanangu, vijiko waachie wanywa chai."

Alianza kuugua figo mwezi wa Januari 2024, akawa akisafishwa damu mara tatu kwa wiki, na alifariki Jumatatu ya tarehe 6 Oktoba 2025, saa nne asubuhi, akazikwa siku hiyo hiyo. Jana nilimwambia Bi Nasima yote haya. Akasema, "Lisome kama lilivyo. Mama alikuwa anajua." Kesho asubuhi tunakwenda sote wawili katika ofisi iliyomfutia ruhusa, nikayaseme na kuyatia saini.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, wafanyakazi wenzake wa zamani, na majirani, hasa Bi Ulfat aliyemletea uji usio na chumvi kila siku bila kukumbushwa. Mchele ulioletwa na mwenye duka lile la dawa haukupikwa, uko ukumbini umefungwa vile vile, mwenyewe yuko barazani, auchukue akiondoka.

Desturi inataka nikuombeni mumsamehe marehemu pale alipokukoseeni, nami nakuombeni hivyo kwa mengine yote. Kwa la Mazin msimsamehe, kwa sababu halikuwa lake. Msamaha huo niombeeni mimi.

Pumzika kwa amani, Bi Salhiya, Mwenyezi Mungu alipanue kaburi lako.