Marehemu Emilian Ntwari, Mpiga Picha za Mifupa, 1951–1997

Ndugu waombolezaji, mliokaa hapa turubaini na mliosimama kule barabarani, nitasoma kwa sauti ili wote msikie. Mimi ni Celestini, mdogo wake marehemu. Najua kwa nini mmesimama mbali: mnadhani jeneza hili lina mionzi. Tangu juzi hakupatikana mwanamume wa kumwosha ila mwanawe. Inaniuma, ingawa hofu hiyo hata mimi niliwahi kuwa nayo.

Emilian alizaliwa Kabanga, wilayani Ngara, tarehe 8 Machi 1951, mtoto wa kwanza wa Mzee Fideli na Mama Scholastika. Alisoma shule ya msingi palepale, sekondari Bukoba, na mwaka 1973 akahitimu mafunzo ya eksirei mjini Mwanza.

Alirudi na mambo mapya. Akiingia nyumbani kwa mtu hufungua madirisha kabla ya salamu, akisema hata mawe na udongo hutoa mionzi, na hewa yenye mionzi itokayo humo hujikusanya ndani. Mimi nisiyemwamini hata muuza chumvi, nikadhani amerudi na mionzi mwilini, nikakataa kula naye sinia moja. Akaniuliza, "Celestini, ukizima kurunzi, mwanga unabaki ukutani?" Nikajibu haubaki. Nikarudi kwenye sinia, ingawa wiki ya kwanza nilikula upande wangu tu.

Alifunga ndoa na Eustakia tarehe 16 Septemba 1978, wakajenga hapa Nyakahura. Mwaka 1994, wakimbizi walipofurika Ngara wakikimbia mauaji ya nchi jirani, alihamishiwa hospitali moja karibu na kambi. Huko ulizuka uvumi kwamba picha yake humwonesha aliyeua. Yupo aliyeondoka na mkono wake uliovunjika asipigwe picha, na wakimbizi wenzake wakaanza kumtazama kama muuaji. Emilian akawa anasimama mbele ya foleni kila asubuhi na kueleza: mionzi ya alfa huzuiwa na karatasi, ila ukiivuta au kuimeza ni hatari, beta huzuiwa na bati jembamba, gama hupenya mwili, hupunguzwa na madini ya risasi au ukuta mnene. Hizo hutoka ndani ya vitu vyenyewe, hazina swichi. Eksirei hupenya vilevile, lakini hutengenezwa kwa umeme. Ukizima mashine, imekwisha, na mgonjwa haondoki nayo.

Aproni ya risasi ilikuwa moja. Mama Niragira, mkimbizi kutoka Burundi, alipolazimika kumshika mwanawe mezani, Emilian alimvalisha yeye, mwenyewe akabaki bila. Akina mama wa namna hiyo walikuwa wengi. Beji yake ya kupimia mionzi ilipelekwa mara nne kusomwa, majibu hayakurudi. Nani aliyakalia, mimi sijui, na sijaacha kuuliza.

Mwezi Februari mwaka huu aligundulika ana saratani ya damu. Nilimbana daktari. Alisema hawezi kuapa kwamba ni mashine, wala hawezi kuapa kwamba siyo. Ila aliapa kwamba mionzi ile haikai mwilini na maiti haiambukizi. Kwa hilo la kwanza bado nina shaka. Kwa hilo la pili sina, kwa sababu nimemuuguza miezi sita na kumlisha kwa mkono wangu. Alifariki tarehe 19 Agosti 1997, saa tatu asubuhi.

Ameacha mjane, Eustakia, watoto wawili, Priscila na Audax, nami mdogo wake. Ameacha pia wengi wenu mnaotembea leo kwa miguu aliyoipiga picha ikaungwa. Nawaona kule barabarani.

Jeneza lina vishikio sita. Kimoja nashika mimi, kimoja Audax. Cha tatu ameniomba Mama Niragira. Wazee wameniambia si desturi mwanamke kubeba, nami nimewajibu kwamba nimemkubalia. Vimebaki vitatu, na wanaume wamejaa barabarani.

Kaka yangu apumzike kwa amani. Lakini kaburini hatajipeleka.