Moja, Mbili, Tatu, Tano: Sindano ya Daktari Au

Baada ya miaka thelathini na mmoja katika Hospitali ya Lam Kong, Daktari Au Wai-Fong anastaafu tarehe 30 Juni akiwa mkuu wa kliniki ya masikio, pua na koo. Hapa kwetu Guangdong, ambako saratani ya nyuma ya pua imepiga hodi karibu kila ukoo, hiyo si kazi ndogo.

Ufundi wake ni sindano nyembamba. Uvimbe ukijificha chini ya utando, koleo la kuchukulia kipimo hung'oa nyama safi ya juu na mgonjwa huambiwa hana kitu. Daktari Au huipitisha sindano puani, kamera ikimwongoza, hadi ndani kabisa, kisha huvuta seli chache.

Kila mchomo huuhesabu kwa sauti: moja, mbili, tatu, tano. Nne haitaji, maana kwetu hutamkwa karibu sawa na kifo, na nani anataka kulisikia neno hilo sindano ikiwa puani?

Hesabu hiyo nusura imponze Mzee Tam, mchoma bata bukini wa sokoni. Kipimo cha koleo kilishasema ni mzima mara mbili, lakini sikio lake liliendelea kuziba. Sindano aliiogopa kweli kweli, akiuona uvimbe kama mnyama aliyelala.

"Ukimchokoza huyo ataamka!"

"Simwamshi, Mjomba. Namnyofoa unywele mmoja tu."

Vioo vilivyopakwa seli zake vikashuka maabara vikiwa na namba 1, 2, 3 na 5. Vitatu vya kwanza vilikuwa damu tupu. Bwana Fung, aliyekuwa mgeni kazini, akakiweka kando cha tano akingoja aletewe cha nne. Kwa kuwa hakuna kilichoonekana, Mzee Tam alishaanza kufunga vitu vyake aende nyumbani, ndipo daktari akashuka mwenyewe.

"We Fung, vipi? Cha nne kitoke wapi? Nimhesabie mgonjwa kifo?"

Kioo cha tano kikawekwa chini ya darubini. Saratani ilikuwepo, ingali changa.

Daktari alijaribu kujirekebisha. Mgonjwa aliyefuata alisikia "nne" akaruka kutoka kitini, basi tukaona heri tuifundishe maabara kuruka nne.

Mionzi ilimponya Mzee Tam, ila iliondoka na ladha ya ulimi wake. Wiki iliyopita alileta bata wa kumuaga daktari, akasimama kumtazama akitafuna.

"Sema kweli, chumvi imekaa?"

Daktari Au, ambaye hajawahi kumficha mgonjwa jambo, alisema imekaa sawasawa, akaomba kipande kingine. Sisi wengine tulikunywa maji hadi jioni.

Daktari, tunakushukuru kwa yote, na kwa uongo huo mmoja pia. Tunakutakia ustaafu wa raha na afya tele.