Mwalimu 'Mapuseletso Khoeli Akubali Kukaa

Mwalimu 'Mapuseletso Khoeli anastaafu tarehe 30 Novemba, baada ya miaka thelathini na sita ya kufundisha Kiingereza katika shule yetu hii ya milimani. Nusu ya makarani wa mji wetu mkuu, Maseru, wamepita mikononi mwake, na wote wanamwogopa mpaka leo.

Alifika hapa binti mwembamba mwenye sauti ya tarumbeta, akatuletea sheria moja. Mwanafunzi akitamka kishazi tegemezi, yaani nusu ya sentensi, atasimama mpaka akitafutie kishazi huru. "Umetuacha njiani, bwana," alizoea kusema. "Tufikishe kwanza, ndipo ukae." Virai alivisamehe. Vishazi, thubutu! Hata mkuu wetu wa shule, Ntate Phakoe, aliwahi kusimama kipindi kizima kwa sababu ya "ingawa" moja tu.

Kisha ukaja ule mwaka wa theluji. Seabata wa kidato cha kwanza alisimama karibu na dirisha, akaanza kwa Kiingereza chake, "Mama akirudi kutoka Bloemfontein..." Kabla hajamaliza, wanaume walimwita mlangoni: kondoo wa babu yake wamenaswa na theluji mlimani. Akajifunika blanketi lake, akatoka. Tulimzika Jumamosi. Mama yake, 'Maseabata, alikuja mazishini kutoka kazini kwake Bloemfontein, ila shuleni hakuweza kukanyaga.

Tangu hapo chumba kile si cha kawaida, tusidanganyane. Darasa zima likishakaa, mbao za sakafu pale dirishani hulia, kama kuna mtu anapumzisha mguu mmoja. Mkaguzi mmoja, mgeni kabisa, aliuliza kwa nini yule mvulana mwenye blanketi hakai. Chai yake hakuimaliza. Wanafunzi wao husema tu, "Ni Seabata huyo, hana neno."

Mwalimu naye hakukaa tena darasani. Kiti chake kilijaa vumbi, nasi tukamtania kwamba kina kunguni. Muda wa kustaafu ulipofika, miaka miwili iliyopita, aliomba aongezewe. "Mtoto nilimsimamisha mimi," aliniambia. "Nikiondoka, nani atamkalisha?" Mimi ndiye ninayerithi chumba hicho.

Jumatano iliyopita, katika kipindi chake cha mwisho, aliingia amemshika mkono 'Maseabata, ambaye sasa ni bibi kizee. Aliandika ubaoni ile nusu ya sentensi, akageuka, akangoja. Baridi ilitambaa chumbani, na dirisha limefungwa. 'Maseabata hajasoma Kiingereza, ila alikwishaambiwa maana ya maneno yale. Alitazama pale dirishani, akasema kwa Kisotho chake, "Nimerudi, baba. Kaa."

Benchi la pale dirishani lililia polepole, kama linavyolia mtoto aliyechoka anapokaa. Ndipo Mwalimu 'Mapuseletso akavuta kile kiti chake cha vumbi, akakaa, akalia mbele ya darasa bila haya. Tangu siku hiyo sakafu imenyamaza.

Mwalimu, asante kwa kila sentensi uliyotufundisha kuifikisha mwisho, na kwa huyu mmoja uliyekataa kumwacha njiani. Wenzako tumekununulia kiti cha kuegemea, chenye mto. Tunakutakia jua la asubuhi mlangoni pako na usingizi usio na deni. Kazi imekwisha, mama. Kaa.