Kitenge cha Kwenda Masaka

Ndani ya basi la barabara ya Kipling, huko ughaibuni, Masuma alitega sikio. Mbele yake Valeria alimwambia shoga yake kwamba wanampeleka baba yao Masaka, wakamjengee nyumba mama mmoja wa huko aliyemficha baba wakati wa vita vya Kagera.

"Huyo mama ana watoto?" shoga akauliza.

"Mmoja. Kazaliwa vita vilipokwisha, kapewa jina la baba, Polycarp."

"Huyo mtoto wa shukrani, dada, hana pua ya baba yako?"

"Koma! Mama yetu mwenyewe ndiye anayefunga mizigo. Kamnunulia yule mama kitenge sare na chake."

Masuma akashika kifua. Kwao Tanga, sare hununuliwa wake wenza, mume asiambiwe anapendelea. Akanyoosha mkono amguse Valeria bega, amwambie: mwanangu, muulize mama yako kwanza, kwa nini sare. Kabla hajamgusa basi likasimama, Valeria akashuka akicheka.