Nilivyoingiza Sauti kwenye Albamu ya Staa

Wapendwa, salamu mmeshapewa na walionitangulia na mmezijibu vizuri, kwa hiyo sitawachosha. Mimi mnanijua. Ninaanika dagaa mwaloni Katonga, na nimeimba kwenye kwaya ya kanisa hili miaka kumi na sita, mpaka karibu na Pasaka iliyopita. Baada ya hapo mmeniona pale benchi la nyuma, chini ya nidhamu. Leo wazee wameniruhusu nisimame niseme kilichonipeleka kule.

Nasoma kwenye daftari. Naandika kila siku tangu nilipomaliza la saba, si kwa sababu najua kuandika, ila kwa sababu kichwa changu kikiachwa peke yake kinaongeza chumvi. Hata humu huenda nimekosea mahali. Aliyekuwepo anisahihishe.

Sitamtaja mtu jina. Yule kijana staa mnamjua, na kumtaja ni kumtangaza.

Alikuja mwaka jana, kiangazi, kurekodi albamu. Alisema redioni kwamba anarudi kwenye mizizi yake, kwa bibi yake Ujiji. Ndugu zangu, nawaambia, sijawahi kuona mzizi unaotembea na watu kumi na mmoja na magari matatu. Walipanga nyumba kule juu, inayoangalia ziwa, wakabandika magodoro ukutani ili sauti za nje zisiingie. Madirisha waliyoanza kuyaziba ni yale ya upande wa ziwa. Watu hao hao waliosema wamefuata ziwa.

Mtu wake mmoja alishuka Katonga akatukuta wanawake tunaimba huku tukigeuza dagaa. Akauliza kiongozi ni nani. Wenzangu wakanionyesha mimi. Nasema kwa haki: walinionyesha wao, sikujitokeza. Lakini sikukataa pia.

Wakanipandisha kule juu, na staa tulimsubiri mpaka saa kumi jioni. Akaingia na miwani ya jua, ndani ya nyumba ambayo madirisha yamezibwa, akaniambia, "Mwakeye." Mnajua wenyewe, hiyo Waha tunaamkiana asubuhi. Yeye aliniamsha jua likiwa linateremkia Kongo. Nikaitikia tu. Halafu, imeandikwa humu na siwezi kuificha, akainama akasema, "Shikamoo mama," kwa adabu ambayo wanangu wawili hawana.

Niliimba siku tatu. Prodyuza wake, kijana mmoja ambaye hakuwahi kuinua macho kwenye kompyuta, aliniambia, "Mama, imba kama mtu asiyejua kuimba."

Nikamuuliza, "Asiyejua vipi?"

"Yaani asili, mama. Sauti ya kijijini. Kwaruza kidogo."

Miaka kumi na sita mwalimu wetu wa kwaya ananikataza kukwaruza. Nikakwaruza. Akasema, "Zaidi." Nikakwaruza kama bati linaloburutwa. "Hapo sasa mama, umeua." Wakataka pia niimbe Kiha, maneno yoyote, maana haijalishi. Nikawaimbia namna ya kuloweka muhogo, siku ya kwanza mpaka ya nne, na jinsi unavyoujua kama umelainika. Vijana wakafumba macho. Mmoja akasema hii inamgusa sana.

Na yeye mwenyewe? Mstari mmoja aliuimba mpaka nikachoka kuhesabu, na bado prodyuza akasema acha tu, mashine itanyoosha. Sauti yake inatembelea mkongojo. Hata hivyo kuna asubuhi moja umeme ulikatika, mashine zote zikazima, naye akakaa sakafuni akaimba kimya kimya wimbo aliobembelezwa nao na bibi yake. Niliweka kikombe chini nikasikiliza. Aliimba vizuri kabisa. Umeme uliporudi akanyamaza, akarudi kwenye mashine. Wimbo ule haumo kwenye albamu.

Nilipokuwa natoka siku ya tatu nilimuuliza kama sauti yangu itakuwemo. Akanijibu. Jibu lake nitawasomea mbele, kwa sababu siku ile nilisikia jibu nililolitaka mimi.

Sasa nakuja kwenye aibu yangu. Nilianza kutembea kama mtu aliyebeba mayai kooni. Mazoezi ya Pasaka nikaacha, bila ruhusa, na katiba ya kwaya naijua. Mwimbaji mmoja wa sauti ya alto, safu ya tatu, akanifuata mpaka Katonga.

"Dada, Pasaka nani anaongoza?"

"Ongozeni nyie. Mimi siwezi kupoteza koo kwa wimbo wa bure. Sauti yangu sasa ni ya albamu."

"Ina mkataba?"

"Wewe utaujulia wapi mkataba?"

Mkataba wenyewe nami sikuwa nimeuona. Tena nikaja hapa mbele nikatoa sadaka ya shukrani kwa wimbo ambao haujatoka, mkaniombea, mkasema amina. Mungu alishukuriwa kwa kitu ambacho hakukifanya.

Albamu ilitoka, na Jumapili iliyofuata mnakumbuka. Baada ya ibada tulitoa spika uani, mabenchi yakapangwa, mchungaji akakaa mbele, mikono magotini. Wimbo wa kwanza unahusu gari lake. Wa pili, watu wanaomwonea wivu. Wa tatu, kiuno cha msichana. Wa nne, wivu tena. Nyimbo kumi na nne, na katika hizo sita analalamikia wivu. Sijui ni nani hapa Kigoma aliyepata nafasi ya kumwonea wivu. Sisi tulikuwa kazini. Bibi mmoja akauliza, "Huyu mtoto anaumwa?" Mzee wa kanisa akasema, "Tuvumilie, wa mama unakuja."

Ulipoisha wa tisa tukasikia vikombe vinagongana. Kisha sauti yangu, safi, haina mkwaruzo hata kidogo: "Jamani, chai gani hii, mmepikia maji ya kuoshea vyombo? Sukari iko wapi?" Vijana wakacheka. Staa akasema, "Huyo ndiye mama wa Kigoma." Ngoma ikaingia, wimbo wa kumi, kiuno.

Hiyo ndiyo ilikuwa yote. Kumbe wakati wa mapumziko kipaza sauti hawakukizima. Tuliendelea kukaa mpaka wa kumi na nne, kwa adabu. Mchungaji akainuka akasema, "Tumesikia," akaenda kula.

Kesho yake Katonga, kabla sijashusha beseni, mtu akaita, "Mama Sukari, leo umepata?" Bodaboda ananiuliza nakunywa vijiko vingapi. Anayenunua dagaa ananiambia, "Nipunguzie, nami nitakuletea robo kilo." Nikakimbilia Simbo kwa wifi yangu, nikalima wiki tatu. Siku moja nikamsikia jirani yake anaicheza kwenye simu shambani, ile ile, vikombe na yote. Wifi akaniangalia, akainama akaendelea kupalilia. Nilimshukuru kwa kutoniuliza.

Niliporudi, wapendwa, sikurudi na toba. Nilirudi na hadithi. Nikasema nimetapeliwa. Nikasema aliniahidi wimbo mzima kwa mdomo wake, akachukua sauti yangu akaitupa, akabakiza dhihaka. Mkanihurumia. Akina mama walilia nami. Kwaya ikasema nirudi hata wiki hiyo hiyo, bila kukaa benchi, maana mtu aliyeonewa haongezewi adhabu. Mzee wa kanisa akaandika barua ya kupeleka redioni. Akaniuliza, "Ushahidi upo?" Nikajibu kwa kiburi, "Upo kwenye daftari. Naandika kila siku."

Nikaenda nyumbani kuutafuta. Nawasomea kama ulivyo: "Nimemuuliza sauti yangu itakuwemo. Amesema mama sijui, tunarekodi vingi na vingi tunatupa, tutaangalia. Wameniuliza kama wanaweza kutumia chochote walichokinasa. Nimesema chukueni. Posho ya siku tatu nimepewa. Nimefurahi sana."

Mwandiko ni wangu. Nilikaa nao muda mrefu, nikitafuta neno moja tu la ahadi. Halikuwepo. Yule kijana ninayemdharau alinijibu kweli tupu, na mimi mwenye daftari ndiye niliyekuwa mwongo.

Nilitaka kuichana karatasi ile, niwaambie imeliwa na panya. Nilishaishika. Lakini daftari la shule ukichana karatasi ya huku, pacha wake wa kule anatoka naye. Nikafungua nione nitapoteza nini. Ilikuwa siku ambayo mvua ilinikuta dagaa wote wakiwa chini, na mtu aliyeacha wake akakimbia kunisaidia kukusanya wangu ni yule alto. Niliandika: "Wake wameloa. Hakusema kitu." Basi sikuchana.

Nikampelekea mzee wa kanisa. Alisoma mara mbili, akavua miwani.

"Kwa hiyo hakukudanganya."

"Hapana, mzee."

"Aliyetudanganya ni wewe."

"Ndiyo, mzee."

"Unajua kwamba sasa utakaa nyuma, tena si kwa kuacha mazoezi tu?"

"Najua."

Akaichukua barua yake mezani, kurasa mbili, akaiangalia. "Na mwandiko wangu siku hiyo ulikuwa umetulia kweli," akasema, akaikunja.

Miezi mitatu nimekaa benchi la nyuma. Wa kwanza kunifuata kule alikuwa huyo huyo alto. Kwaya ikimaliza kuimba, wakati wa mahubiri, anakuja anakaa pembeni yangu. Nikamwambia asinihurumie. Akasema, "Nani anakuhurumia? Huku nyuma kuna upepo."

Namshukuru yeye. Namshukuru wifi yangu kwa kunipa jembe badala ya maswali. Namshukuru mzee wa kanisa, nisamehe kwa barua. Nanyi mliolia nami, machozi yale niliyachukua kwa uongo, naomba mnisamehe.

Msidhani nimeanza kumpenda yule kijana. Albamu yake nimeisikiliza tena mara mbili, peke yangu, nisije nikamwonea. Ni mbaya. Wimbo wa kumi na moja una dakika moja nzuri, halafu anaanza kuimba. Alikuja kutafuta asili akaziba dirisha, akamwambia mwimbaji asijue kuimba, akatupa wimbo wa bibi yake akabakiza viuno. Dharau yangu kwake ninayo mpaka leo, na kama ni dhambi wazee mtaniambia. Lakini hili nimejifunza, na ndilo ninalowapa: mtu unayemdharau usimsingizie. Mseme kwa aliyoyatenda. Yanatosha. Ukiongeza lako, unashuka mpaka alipo, na pengine unampita.

Mwalimu wa kwaya amesema kuongoza sitaongoza. Nitasimama safu ya tatu, niitikie. Nilidhani itaniuma, na kweli inauma, lakini nafasi ya kwaya ni ile ile niliyokuwa nataka kuipata kwa uongo, na leo naiingia mkiwa mnajua yote.

Nimemaliza. Safu ya tatu, naomba msogee kidogo.