Kombora la Kwanza Huanguka Piedra Parada

Mheshimiwa Kanali Haskell, mkuu wa kituo chetu cha tahadhari ya makombora, Padre Benavides, wageni waalikwa, na wewe Doña Eufemia, mama mkwe wa bibi yangu, uliyekataa kiti chenye mto: nawaamkia kwa heshima. Mimi huona haya kupokea hata simu, kwa Kihispania na kwa Kiingereza pia. Leo nimepewa kipaza sauti.

Bibi Consuelo Trujillo, ambaye mimi ni mjukuu wake, anastaafu. Kazi yake ilikuwa kutunga vita vya mazoezi. Kwa desturi ya watunzi, kombora la kwanza la kila zoezi huanguka mahali ambapo mtunzi ana kinyongo napo. Je, nani angedhani desturi hiyo ingetufaa?

Asubuhi moja viwambo vilijaa makombora ya Warusi. Marubani wakawasha injini za ndege, tayari kulipiza. Bibi akatazama, akamwendea Kanali.

"Afande, huo ni mkanda wangu wa mazoezi. Kuna mtu kauweka kwenye mtambo wa kweli."

"Una hakika, Trujillo?"

"Kombora la kwanza linaanguka Piedra Parada."

"Kuna nini huko?"

"Kanisa, mbuzi, na mama mkwe wangu."

"Warusi hawamjui?"

"Wangemjua, afande, wangelenga kwingine."

Kanali hakucheka. Alipiga simu kwenye rada za pwani. Anga ilikuwa tupu. Injini zikazimwa. Lakini bibi alikuwa amekwisha kusema mbele ya kikosi kizima, na maneno hayana breki: yalifika Piedra Parada kabla ya chakula cha jioni. Tangu hapo Doña Eufemia hakukanyaga kwetu.

Jana nilikwenda kumsomea hotuba hii. Alikuwa akichoma pilipili.

"Mazoezi mangapi alinilenga?"

"Yote, Doña."

"Na hakunipata! Si nilisema? Hata mkate wake hauivi katikati." Akageuza pilipili. "Na zile ndege, mwanangu, hazikuruka?"

"Hazikuruka."

Akaokota pilipili nyingine, akaiweka motoni. Leo amekuja na sufuria nzima ya pilipili, na sahani ya kwanza, mmeona wenyewe, ameiweka mbele ya bibi.

Bibi, kula. Doña Eufemia, tunakushukuru kwa ukali wako. Mtu mpole angetuangamiza sote.

Nanyi mlionivumilia hadi mwisho, asanteni kwa kunisikiliza. Naomba nikakae.