Mhusika Bapa wa Mwalimu Joachim

Ndugu zangu mliokaa hapa, mnaniona nimeshika daftari, mimi Veronika, shangazi wa marehemu, darasa la nne sikumaliza, nikikwama mnivumilie, yeye mwenyewe ndiye alisema nisome mimi.

Mwalimu Joachim Limbu alizaliwa tarehe 14 Machi 1979 hapahapa Igawa, mtoto wa tatu wa kaka yangu Saulo, niliyekuja naye na ng'ombe kutoka Shinyanga, akasoma msingi hapa mwaka 1987 mpaka 1993, sekondari Chimala, akaenda chuo cha ualimu, na mwaka 2004 akaanza kufundisha fasihi kule Kihesa, Iringa.

Nyie mnamjua, hata msibani alikuwa anatugawa kama watu wa kwenye hadithi zake, baba yake alimwita mhusika mkuu, kwa sababu kila habari ya nyumbani inaanza na ng'ombe wa Saulo, mimi akaniita mhusika bapa, nikadhani nasifiwa, nikatangaza soko zima la Chimala, kumbe bapa ni yule asiyebadilika, ukurasa wa kwanza mpaka wa mwisho ni yuleyule, wakati mhusika duara mambo yanamgeuza. Chekeni tu, hata yeye alicheka mpaka akakaa chini.

Lakini haki alikuwa nayo. Mwaka 2006 alikuwa na mchumba Chimala, akanieleza siri yake moja, jioni ileile imeshamfikia mama wa binti, uchumba ukafa. Hakunigombeza. Tarehe 8 Agosti 2009 akafunga ndoa na Prisca, Kihesa, mimi nikaambiwa zimebaki siku tatu, wakapata Roza mwaka 2011 na Ezekia 2014.

Februari 2023 akaanza kuumwa, akanipigia simu mimi, mwenye mdomo huu, akanitajia ugonjwa, akasema kwenye ukoo tunajua watatu tu, yeye, Prisca na mimi. Miaka miwili nauza mchele pale sokoni, mmeniuliza, mmenibembeleza, nikacheka kwa sauti, sikusema. Alifariki tarehe 9 Juni 2025, saa nne asubuhi, hospitalini Iringa.

Hapa kwenye daftari ameandika mwenyewe, "Ugonjwa," mbele yake mstari mtupu, Prisca anasema ameniachia mimi nijaze.

Nauacha hivyohivyo.

Tunawashukuru madaktari na manesi, majirani wa Kihesa mliomsindikiza mpaka huku, walimu wenzake, na nyie wa Igawa mliokesha na sisi. Mwalimu, kazi yako nimemaliza, nisahihishe. Pumzika, mwanangu, amani iwe nawe.